Sekunde 17 za Newman Guttman: Nani Alitunga Muziki wa Kompyuta?

Mwaka 1957 kompyuta ya IBM 704 ilikokotoa namba zilizogeuzwa kuwa kipande cha muziki cha sekunde 17. Kiliitwa "The Silver Scale". Aliyekitunga ni Newman Guttman, mtafiti wa sauti na usemi. Aliyeandika programu, iliyoitwa MUSIC I, ni Max Mathews, mhandisi wa Bell Labs, maabara ya kampuni kubwa ya simu ya Marekani, ambaye pia alikuwa mpiga fidla. Programu hiyo ilijua wimbi la umbo moja tu, la pembetatu, na ilipokea maagizo matatu: noti iwe juu au chini kiasi gani, iwe na nguvu kiasi gani, idumu muda gani. Haikujua kuibua noti taratibu wala kuififisha taratibu. Noti iliwaka, ikazimika.

Kompyuta yenyewe haikuwa Murray Hill, New Jersey, walikofanyia kazi watafiti hao. Ilikuwa katika makao ya IBM, Madison Avenue, New York. Namba zilirekodiwa kwenye utepe wa sumaku, utepe ukasafirishwa kurudi Murray Hill, na huko ndiko kulikokuwa na mtambo wa kuzigeuza namba kuwa umeme wa kuendesha spika. Mtunzi alingoja mpaka safari hiyo yote iishe ndipo asikie alichokiandika, na kama amekosea, anza upya.

Kazi hiyo na zilizoifuata ziliacha ubishi ambao haujaisha hadi leo: mtunzi ni nani hapa, mtu au mashine? Sauti tatu zimekutanishwa ukurasani kuubishania. Hazina majina, kwa kuwa kila moja inabeba hoja za wengi. Wa kwanza ni mwalimu wa muziki, mwanamke aliyezoea kuwaketisha wanafunzi wasikilize kwanza kabla ya kuwaeleza lolote. Wa pili ni kijana mhandisi wa programu. Wa tatu ni mzee mpiga kinanda, mkongwe wa taarab na harusi, ambaye vidole vyake vimepita kwenye Yamaha za kila umri.

Kijana ndiye aliyefungua, na alifungua kwa kupinga tarehe. "Kuanzia 1957 ni kuwadhulumu wengine," alisema. "Sydney walitangulia." Akaeleza habari za CSIRAC, kompyuta ya Australia iliyosanifiwa na Trevor Pearcey na Maston Beard. Ilikuwa na spika ya kumjulisha fundi kwamba kazi imefika mahali fulani. Geoff Hill, mtaalamu wa hisabati, aligundua kwamba akiipelekea spika hiyo mapigo ya umeme kwa nafasi zilizopimwa, itatoa noti. Mwaka 1951 mashine hiyo ilipiga nyimbo zinazojulikana mbele ya wajumbe wa mkutano wa kompyuta. Haikuwa kazi nyepesi hata kidogo. Kumbukumbu ya CSIRAC ilikuwa mawimbi yanayosafiri ndani ya mirija ya zebaki, na muda wa kusubiri namba itoke kwenye mrija haukuwa sawa kila mara, hivyo mwandishi wa programu alilazimika kuhesabu ucheleweshaji wa kila agizo ili noti isipotoke.

Manchester nako, mwaka huohuo, Christopher Strachey aliifanya kompyuta ya Ferranti Mark 1 ipige wimbo wa taifa wa Uingereza. Alan Turing alikuwa ameshaeleza katika kitabu cha maelekezo ya mashine hiyo jinsi ya kuiliza spika yake. BBC walikuja wakarekodi, na rekodi hiyo ipo. Mwaka 2016 watafiti wawili wa New Zealand, Jack Copeland na Jason Long, waligundua kwamba ilikuwa ikisikika kwa kasi isiyo sahihi, wakairekebisha.

"Vizuri, kijana wangu," alijibu mzee. "Lakini hizo zote ni nyimbo za watu. Mashine ilipiga, haikutunga. Mimi nikipiga wimbo wa Siti binti Saad, wimbo haugeuki kuwa wangu."

Mwalimu alimuunga mkono, ila akaongeza sharti. Alitaka vitu viwili vilivyochanganywa tangu mwanzo vitenganishwe: kompyuta inayotoa sauti, na kompyuta inayochagua noti. Za Sydney na Manchester zilitoa sauti tu. "The Silver Scale" nayo ilitoa sauti, maana noti zilichaguliwa na Guttman. Anayetaka kuona kompyuta ikichagua noti, alisema, aende Illinois.

Na Illinois ndiko mjadala ulikokaa kwa muda mrefu, kwa haki.

Lejaren Hiller alikuwa mwanakemia. Alipata shahada ya uzamivu ya kemia Princeton, na alipokuwa huko alijifunza utunzi kwa Roger Sessions na Milton Babbitt. Akafanya kazi katika kampuni ya kemikali ya DuPont, kisha mwaka 1952 akajiunga na Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana. Chuo kilikuwa na kompyuta yake, ILLIAC, yenye mirija ya umeme ipatayo 2,800 na uzito wa tani tano hivi. Hiller aliitumia kuchunguza jinsi molekuli ndefu zinavyojikunja: unaiacha molekuli ijijenge hatua kwa hatua kwa namba za bahati nasibu, na kila hatua inayovunja kanuni za maumbile unaitupa. Akaona kwamba njia hiyohiyo inaweza kujenga wimbo. Akashirikiana na mwanakemia mwenzake, Leonard Isaacson, na kati ya 1956 na 1957 wakatoa "Illiac Suite", kazi ya fidla mbili, viola na selo.

Mhandisi alieleza utaratibu wake kwa hamasa ya mtu anayeupenda. Kompyuta ilitoa namba ovyo. Kila namba ni noti. Kila noti ikapimwa kwa kanuni, nyingi zikiwa zile za zamani za Ulaya za kupanga sauti zinazokwenda pamoja: usiruke mbali kupita kiasi, usirudie hiki, malizia hapa. Noti iliyofaulu ilibaki, iliyoshindwa ikatupwa na nyingine ikatolewa. Ni kupepeta mchele: pumba zinapeperuka, punje zinabaki kwenye ungo. Matokeo yalitoka kama herufi na tarakimu, na watu wakayanakili kwa mkono kuwa noti ambazo wapigaji wanazisoma.

Kazi ina sehemu nne, na wenyewe hawakuziita miondoko. Waliziita majaribio. Katika jaribio la pili msikilizaji anaanza na vurugu ya noti zisizo na mpangilio, kisha kanuni zinaingizwa moja baada ya nyingine, na vurugu inatulia mpaka inakuwa kipande safi ambacho mwanafunzi wa karne ya 16 asingekionea haya. La tatu linaingiza midundo na nguvu za sauti. La nne linaziacha kanuni za zamani kabisa. Hapo uwezekano wa kila noti unategemea noti iliyotangulia, kwa hesabu za Andrei Markov, mwanahisabati wa Urusi.

"Basi niambie nani alitunga," mzee alisema. "Mimi nikikaa kwenye taksimu, pale ninapobuni papo hapo, ninazo kanuni. Maqam, ngazi ya noti ninayoifuata, ina njia zake, kuna noti sizigusi na kuna mahali lazima nirudi. Lakini kati ya hizo kanuni mkono wangu unachagua kwa sababu nimeona bibi harusi anafuta machozi. Hiyo ILLIAC imeona nini?"

"Haikuona kitu, mzee wangu," kijana alikubali. "Lakini hata Hiller hakujua itatoka noti gani. Kama yeye hakuijua, na hakuiandika, unamwitaje mtunzi wake?"

Swali hili ni zuri kuliko linavyosikika, na mwalimu hakulikwepa. Alirudi nyuma zaidi ya karne moja, hadi 1843, pale Ada Lovelace alipoandika maelezo yake kuhusu mashine ya hesabu ya Charles Babbage, mashine ambayo haikuwahi kukamilishwa. Lovelace alitabiri kwamba uhusiano wa sauti ukiweza kuelezwa kwa lugha ya mashine, mashine itaweza kutunga muziki wenye ugumu wowote. Katika maelezo hayohayo alisisitiza pia kwamba mashine haianzishi jambo lolote. Inafanya tunachojua kuiagiza. Ukizisoma kauli zote mbili pamoja, mwalimu alidai, utaona namna Hiller alivyofanya kazi. Yeye ndiye aliyechagua kanuni. Yeye ndiye aliyechagua kundi la nyuzi, mpangilio wa majaribio, na ni matokeo yapi yaingie. Vurugu kutulia taratibu katika jaribio la pili ni wazo la kimuziki, lina mwanzo na lina mahali linapokwenda, na wazo hilo halikutoka kwenye namba za bahati nasibu.

Msimamo huo ndio wenye nguvu zaidi katika sehemu hii ya mjadala. Unapata ushahidi mwingine Paris. Iannis Xenakis, Mgiriki aliyekuwa mhandisi katika ofisi ya msanifu majengo Le Corbusier, alikuwa ameshatunga kwa hesabu za uwezekano kwa mkono wake katika miaka ya 1950. "Pithoprakta" yake inajaza jukwaa kwa maelfu ya noti za nyuzi zilizopangwa kwa hesabu zilezile zinazoeleza mwendo wa chembe za gesi. Alipopata nafasi ya kutumia IBM 7090 katika ofisi za IBM-Ufaransa, mashine ilifanya kwa haraka alichokuwa akikifanya kwa subira. Kazi yake ya wapigaji kumi, ST/10, ilipigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1962. Wazo lilitangulia, kompyuta ikafuata.

Mzee hakuridhika. Kwake yeye, kazi iliyoandikwa kwa hesabu kisha ikapigwa na fidla za watu bado ni muziki wa fidla. Alitaka kujua sauti ya kompyuta yenyewe ilikuwaje.

Ilikuwa mbaya. Hapo wote watatu hawakupingana, na Mathews mwenyewe hakuwahi kuisifu MUSIC I. Kwa nini basi kampuni ya simu iliendelea kugharimia jambo hili? Mhandisi alikuwa na jibu. Bell Labs walitaka kujua kama sauti ya mtu inaweza kugeuzwa namba, ikasafirishwa, ikageuzwa tena kuwa sauti bila kuharibika. Kwa ajili hiyo walitengeneza vifaa vya kuingiza na kutoa sauti kwenye kompyuta, vifaa ambavyo wakati huo havikuwa vya kawaida hata kidogo. Muziki ulipita mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu. Na ulipita kwa kuwa mkuu wa Mathews, John Pierce, mtu aliyeipa transista jina lake, alipenda upite.

Mathews aliiboresha programu hatua kwa hatua: MUSIC II mwaka 1958, MUSIC III mwaka 1960, na kuendelea. Katika MUSIC III alileta wazo ambalo bado linatawala studio za leo. Badala ya kumpa mtunzi vyombo vilivyokwisha kutengenezwa, alimpa vipande vidogo: kimoja kinazalisha wimbi, kingine kinajumlisha, kingine kinapandisha na kushusha nguvu. Mtunzi anaviunganisha apendavyo na kujitengenezea chombo chake. Mwaka 1963 alichapisha makala katika jarida la Science, akieleza kwamba kinadharia hakuna kikomo cha sauti ambazo kompyuta inaweza kuzitoa.

"Kinadharia," mwalimu alirudia, akilikazia neno hilo. Maana hapa ndipo anapoona kiini cha jambo zima. Kompyuta inaweza kutoa sauti yoyote, mradi kuna mtu anayeweza kuieleza sauti hiyo kwa namba. Na mwaka 1963 hakukuwa na mtu duniani aliyeweza kueleza kwa namba kwa nini tarumbeta inasikika tarumbeta.

Vitabu vya fizikia vilidai vinajua. Vilisema kila chombo kina noti ya msingi na noti nyembamba za juu zinazoandamana nayo, kila moja kwa kiwango chake. Panga viwango hivyo, utapata chombo. Jean-Claude Risset, Mfaransa aliyekuwa mwanafizikia, mpiga piano na mtunzi kwa pamoja, alifika Bell Labs mwaka 1964 akajaribu. Kilichotoka hakikuwa tarumbeta. Akarekodi tarumbeta halisi, akaipasua kwa kompyuta kipande kwa kipande cha muda, akatazama kila noti ya juu inaingia lini, inapanda vipi, inaondoka lini. Akagundua kwamba viwango havitulii kamwe. Mpigaji anapoongeza pumzi, noti za juu zinaongezeka kwa kasi kuliko ya msingi, na sauti inang'aa. Uhusiano huo kati ya nguvu na mng'ao ndio unaoliambia sikio "hii ni shaba". Risset aliujenga upya kwa namba, na wasikilizaji walipata shida kutofautisha tarumbeta ya kompyuta na ile ya mdomo wa mtu.

"Subiri hapo, dada yangu," mzee aliingilia. "Mimi hilo nalijua tangu brass band ya ujana wangu. Ukipuliza kwa nguvu, sauti haiwi kubwa tu, inakuwa kali."

"Ulilijua kwa mdomo na sikio, mzee," mwalimu alimjibu. "Lakini kompyuta haina mdomo. Ilibidi mtu akae alisikilize upya jambo ambalo kila mpiga tarumbeta analijua, mpaka aliseme kwa namba."

Makala hii iko upande wa mwalimu. Waanzilishi wa muziki wa kompyuta hukumbukwa kama watu wa mitambo, na picha zao huwaonyesha wamezungukwa na makabati yenye taa. Kazi yao ngumu hasa ilikuwa ya sikio. Mashine iliwanyang'anya kila kitu ambacho mwanamuziki hupewa bure na mti, ngozi, utumbo wa mbuzi na shaba, ikawalazimu kujua kwa nini vitu hivyo vinapendeza. Aliyekuja na hesabu peke yake aliondoka na milio mikavu.

James Tenney ni mfano mwingine. Alifika Bell Labs mwaka 1961, mtunzi kijana, na kila siku alipita kwa gari ndani ya handaki la Holland lililo chini ya mto Hudson. Makelele ya magari mle ndani yalimchosha, mpaka siku moja akaanza kuyasikiliza kwa makini, akasikia ndani yake mikondo na mawimbi. Kutokana na hayo akatunga "Analog #1: Noise Study", kazi iliyofinyangwa kwa kelele tupu.

Risset naye hakuishia kwenye kuiga tarumbeta. Mwaka 1968 alitengeneza muziki wa tamthilia ya Pierre Halet, "Little Boy", inayomhusu rubani anayeandamwa na kumbukumbu ya Hiroshima. Jina hilo ndilo jina la bomu lenyewe. Palihitajika sauti ya kuanguka. Risset alichukua ugunduzi wa Roger Shepard wa mwaka 1964, ngazi ya noti inayoonekana kupanda bila kufika juu, akaugeuza kuwa mteremko usiokatika. Noti nyingi zilizopishana kwa oktava zinashuka pamoja. Za chini zinafifia huku nyingine zikiingia juu kimyakimya. Sikio linashuka, linashuka, na chini hakufikiki. Mpiga fidla anaweza kuteremsha kidole mpaka ubao uishe. Huu hauna mwisho wa ubao, na unamweleza mtu anayeamini kwamba bomu alilolisindikiza bado linaanguka ndani yake.

Hata kijana, ambaye moyo wake uko kwenye mashine, alikiri kwamba hapo hazungumzii tena hesabu.

Lakini alikuwa na karata yake, na aliitupa akimtazama mzee. "Na hicho kinanda unachopigia harusi, mzee wangu, unajua kimetoka wapi?"

Yamaha ni kampuni ya Japani, lakini sauti zilizoipa umaarufu katika miaka ya 1980 zilianzia California. John Chowning alikuwa mpiga ngoma na mtunzi, aliyewahi kusoma Paris kwa Nadia Boulanger. Akiwa Stanford aliisoma makala ya Mathews ya 1963, akaenda Bell Labs mwaka 1964, akarudi na boksi la kadi zenye matundu zilizobeba programu. Kompyuta aliyoipata ilikuwa ya maabara ya akili bandia ya chuo, na mwanafunzi mmoja, David Poole, ndiye aliyemfundisha kuitumia.

Mwaka 1967 alikuwa akichezea mtetemo, ule ambao mwimbaji huupa noti ndefu. Wimbi moja linalitikisa jingine, juu na chini, mara tano au sita kwa sekunde. Akaongeza kasi ya mtikiso, akaongeza na upana wake, kupita kiwango ambacho koo au kidole kinaweza kufika. Mtetemo ukapotea. Mahali pake ikatokea rangi mpya ya sauti: kengele, mbao, kitu kisicho na jina. Mawimbi mawili tu yalikuwa yanatoa utajiri ambao kwa njia ya zamani ungehitaji mawimbi mengi, na kompyuta ya wakati huo ingekesha ikikokotoa. Mhandisi yeyote wa redio aliijua hesabu hiyo, kwa kuwa ndiyo hesabu ya FM. Aliyesikia muziki ndani yake alikuwa mpiga ngoma.

Miaka michache baadaye Chowning alikumbuka somo la Risset kuhusu tarumbeta. Akafunga mambo mawili pamoja: nguvu ya noti ikipanda, kipimo cha mtikiso nacho kipande. Shaba ikatoka mara moja. Ujuzi wa sikio uliochukua miezi ya uchunguzi Murray Hill ulitoshea kwenye mistari michache ya programu Stanford.

Chuo kiliziendea kampuni za vinanda za Marekani kutafuta mnunuzi wa uvumbuzi huo, zikakataa. Yamaha walielewa haraka, wakachukua leseni. Wakati huohuo Stanford walikuwa wamemnyima Chowning ajira ya kudumu, baadaye walimrudisha. Hataza ilitolewa mwaka 1977, na mwaka 1983 ikatoka DX7, kinanda cha chini kidogo ya dola 2,000 kilichouzwa kwa kasi ambayo soko la vinanda vya umeme halikuwa limeiona. Mrabaha wa hataza hiyo uliiingizia Stanford zaidi ya dola milioni 20. Teknolojia hiyo ikashuka hadi vinanda vidogo vya bei nafuu, kadi za sauti za kompyuta, mashine za michezo, hata vitoa-mlio ndani ya simu za mkononi za mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Mzee alikaa kimya kidogo. Kisha akasema jambo ambalo kijana hakulitarajia: kwamba analifahamu hilo vidoleni. Kwenye DX7, ukiweka sauti ya shaba na kubonyeza kitufe polepole, inatoka laini na nzito. Ukikipiga kwa nguvu, inatoka na makali juu. Kwenye vinanda vya umeme vya kabla yake alivyovizoea, kupiga kwa nguvu hakukubadilisha kitu. "Kumbe ni yule Mfaransa na tarumbeta yake," alisema.

Kijana alitaka jina la Chowning liwe juu kabisa kwenye orodha ya watunzi. Mwalimu alimzuia, akamkumbusha kwamba kuvumbua kinanda na kutunga ni kazi mbili. Akakubali tu alipotajiwa "Turenas" ya 1972, ambamo sauti zinazunguka chumba kizima kupitia spika nne, na "Stria" ya 1977, iliyoagizwa na mtunzi Luciano Berio kwa ajili ya kituo cha utafiti wa muziki cha IRCAM, Paris. Katika "Stria" Chowning hakutumia oktava. Mahali pa uwiano wa moja kwa mbili aliweka uwiano wa dhahabu, 1.618, na akautumia pia kujenga sauti zenyewe, hivyo noti na rangi yake zikawa jamaa wa damu. Hakuna ala ya mbao wala ya shaba inayoweza kufanya hivyo.

Kisha mwalimu aligeukia majina yasiyotajwa. Programu ya MUSIC IV Mathews aliiandika pamoja na Joan Miller, na jina la Miller limo pia kwenye jalada la kitabu cha 1969 kilichofundisha fani hii kwa kizazi kizima. Mwaka 1961 kompyuta ya Bell Labs iliimba "Daisy Bell". Mathews aliandaa vyombo, lakini sauti ya kuimba ilikuwa kazi ya John Kelly na Carol Lochbaum. Mwandishi Arthur C. Clarke aliisikia, na ndiyo sababu kompyuta HAL inaimba wimbo huo inapozimwa katika filamu ya 1968 aliyoshiriki kuiandika. Wengi wanaikumbuka HAL. Lochbaum hakumbukwi.

Akamtaja pia Laurie Spiegel, mpiga gitaa na luti, aliyeingia Bell Labs mwaka 1973 na kufanya kazi kwenye mfumo wa GROOVE, ulioundwa na Mathews na F. Richard Moore. Mfumo huo ulimruhusu mtunzi kusikia papo hapo anachokibadilisha. Kazi ya Spiegel, iliyogeuza mwendo wa sayari kuwa sauti kwa kufuata mawazo ya Johannes Kepler, ilipanda vyombo vya angani vya Voyager mwaka 1977.

Na mzee, kwa mshangao wa wote wawili, akaleta Mwafrika. Si wa kompyuta, alikiri, lakini habari za sauti ya umeme haziwezi kusimuliwa kana kwamba zote zilianzia Ulaya na Marekani. Halim El-Dabh, Mmisri, aliazima mashine ya kurekodi kwa waya katika kituo cha redio cha Cairo mwaka 1944, akarekodi wanawake kwenye zaar, sherehe ya kupunga pepo, kisha studioni akazipunguza sauti za msingi na kuzijaza mwangwi mpaka kukabaki kivuli cha uimbaji wao. Miaka minne baadaye ndipo Pierre Schaeffer alipotangaza Paris kazi zake za sauti zilizorekodiwa. El-Dabh alifika baadaye kwenye kituo cha muziki wa umeme cha Columbia na Princeton, New York, mwaka 1959, akiwa tayari ana miaka kumi na mitano ya mazoea hayo.

"Huyo nampigia kura," mzee alisema. "Alianza na watu wanaoimba."

Lililobaki lilikuwa namna ya kumfundisha kijana wa leo habari hizi. Mwalimu angeanza na "The Silver Scale" yote, kisha mteremko wa "Little Boy", kisha "Turenas", bila neno la maelezo mpaka zimalizike. Mhandisi alipinga: mwanafunzi aanze kwa kuandika mwenyewe mawimbi mawili, moja linalitikisa jingine, kwa kuwa kompyuta yoyote ya mapajani inalifanya hilo bila kuhema, na kazi iliyokuwa ikisafirishwa kwa utepe hadi Murray Hill sasa inasikika kabla hajaondoa kidole. Hawakuafikiana. Mzee aliwaacha wabishane kwa muda, halafu akamwambia kijana awafundishe wanafunzi wake hesabu anayoitaka, ila wakishatengeneza tarumbeta yao wamletee kwanza yeye, aisikie.